Namba Isiyokuwa na Nane

Mwezi uliopita kaka yangu Ouma alinipigia simu kutoka nyumbani, kule upande wa Rongo, akaniuliza kama nautaka mlango. Mlango gani? Wa jikoni kwa mama. Mama hayupo tena, na kwetu nyumba ya mama aliyefariki haikarabatiwi; huachwa ianguke yenyewe kwa wakati wake. Paa lilikuwa limeshaingia ndani, ukuta wa nyuma umelala, na wajukuu walikuwa wameanza kuchanja mbao kwa ajili ya kuni. "Iko na maandishi yako," Ouma akasema. "Zile hesabu zako za wazimu." Nikamwambia asiguse, wala asiruhusu mtu aguse, nakuja. Nilipokata simu nikagundua kwamba nimesimama, na nilipoipokea nilikuwa nimekaa.

Mimi ni mtu wa kutotulia. Mume wangu husema siku nikifa itabidi jeneza lifungwe kamba. Nikiwa kanisani natafuta dirisha, nikiwa safarini nauliza tumefika wapi, na sijawahi kumaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto kwa sababu lazima ninyanyuke katikati nikaangalie kitu. Watu hudhani nimezaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo. Naijua hali hii ilipoanza, na ilianzia kwenye mlango huo, mwaka ule tuliohesabiwa.

Nyinyi wa rika langu mtakumbuka madarasa yetu ya wakati ule: sakafu iliyosiribwa kwa samadi kila Ijumaa, vumbi la chaki, na kwetu sisi harufu ya sukari nguru ikichemshwa mashambani, tamu mpaka tumbo lilie. Nilikuwa darasa la nne. Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Mwakio, alikuwa Mtaita. Alitoka mbali kiasi kwamba kila alichokiona kwetu alikiuliza, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hadi sisi tuliona haya kufungua midomo. Asubuhi moja aliandika ubaoni namba ndefu kuliko zote tulizowahi kuziona: 12345679.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, umeruka nane."

"Sijairuka," akasema. "Nimeitoa. Sasa nani ataniambia namba anayoipenda, kuanzia moja mpaka tisa?"

Mvulana mmoja akasema tatu. Mwalimu akatuambia tuzidishe tatu kwa tisa, tupate ishirini na saba, kisha tuzidishe ile namba ndefu kwa ishirini na saba. Tuliinama kwenye madaftari, ndimi nje. Jibu lilipotoka darasa lilipiga ukelele: 333333333. Tatu tupu, tisa kwa mstari! Mwingine akataka tano, zikatoka tano tupu. Ilikuwa ni kama kumwita mtu mmoja ukajibiwa na ukoo mzima. Zamu yangu ilipofika nilijua ninayoitaka. Nilitaka nane. Nane ilikuwa yangu, kwa sababu nyumbani mimi nilikuwa wa nane. Lakini nilitazama ubaoni nikaona nane haipo, na jambo hilo likanitia woga nisioweza kuueleza. Nikasema saba. Zikatoka saba tupu, wakanipigia makofi.

Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza: na nane ikirudishwa? Mwalimu akaandika 123456789, akaizidisha kwa tisa polepole tukimtazama. Jibu likawa 1111111101. Moja, moja, moja, halafu karibu na mwisho, sifuri.

"Mnaona?" akasema. "Ukiirudisha nane, safu inaingia pengo. Nane ikae nje, mambo yanyooke."

Wenzangu wote walicheka. Mimi nilibaki nikichezesha miguu chini ya dawati mpaka jirani yangu akanifinya.

Hapa lazima niwaambie jina langu, kwa sababu bila jina hamtaelewa. Mimi ni Awiti. Mjaluo yeyote akilisikia anajua maana yake: aliyetupwa. Nilijua maana hiyo kama kila mtoto anavyojua maana ya jina lake, yaani bila kuifikiria. Palikuwa na Atieno wa usiku, Onyango wa asubuhi, na mimi niliyetupwa. Sikuwahi kuuliza nilitupwa wapi wala kwa nini. Kitu kingine tulichokijua bila kuambiwa ni kwamba kwetu watu hawahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, na watoto ndiyo kabisa. Mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi, mama hujibu, "Wapo wa kutosha kumaliza ugali." Kwa hiyo kuwa wa nane ilikuwa siri niliyoifanyia kazi mwenyewe, kwa vidole vilivyofichwa ndani ya gauni.

Siku ile nilirudi nyumbani mbio. Nikaokota msumari, nikaingia jikoni, nikaikwangua ile namba kwenye mlango, upande wa ndani, tarakimu ndefu kama vidole vyangu. Mama alikuwa akipepeta wimbi. Alikuwa mwanamke mrefu, Msabato aliyeshika Sabato yake vizuri, mzaliwa wa Rusinga aliyeolewa huku bara na hakuacha kulalamika kwamba samaki wa huku wanafika wamechoka. Nilitegemea kofi kwa kuharibu mlango. Yeye akauliza tu, "Hiyo ni nini?"

Nikamweleza yote: tatu tupu, tano tupu, saba tupu. Na kwamba nane imetolewa, kwa sababu ikiwepo inaleta pengo.

Mama akaacha kupepeta. "Nane ndiyo ipi? Inaandikwaje?"

Hakuwa amesoma. Nikamchorea kwa kidole kwenye majivu ya mekoni, duara dogo juu ya duara kubwa. Akainama kuitazama, akacheka kidogo. "Kumbe ni kibuyu," akasema. Halafu akaufuta mchoro kwa kiganja, haraka kuliko ilivyohitajika, akarudi kwenye wimbi lake.

Wiki iliyofuata mama mdogo Akeyo alitutembelea. Ni mdogo wake mama, aliyebaki Rusinga, na Mungu hakumjalia mtoto. Alikuja na mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani, uliotangulia kunuka kabla yeye hajafika. Wakiwa jikoni nilimsikia akisema kwa utani, "Dada, wewe unao hawa wote. Nipe huyu mmoja anipeleke mbio mbio, nyumba yangu imelala." Alinionyesha mimi kwa kidevu. Mama alicheka, hakujibu. Watu wazima hawajui wanachokifanya wanapocheka bila kujibu. Kuanzia hapo usingizi ukanipaa. Nikiambiwa kaa, nakaa nusu. Nikitumwa maji, nageuka njiani kuhakikisha nyumba bado ipo.

Halafu serikali ikatangaza kwamba watu wote watahesabiwa, na walimu ndio watakaopita, shule zikiwa zimefungwa. Huwezi kuamini minong'ono iliyokuwepo kisimani. Wengine walisema ni kodi, wengine walisema ni watoto kupelekwa kusikojulikana. Mama yeye alifagia ua mara tatu kwa siku moja.

Aliyekuja boma letu alikuwa Mwalimu Mwakio mwenyewe, na mkoba mkubwa wa karatasi. Kumuona tu nikajificha nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye ile nafasi kati ya mlango na ukuta, maana mwalimu wako akija kwenu huwezi kujua ameleta nini. Mama alimpa kigoda mlangoni pale pale. Nikawa nasikia hata kalamu yake.

"Haya mama, watoto waliolala hapa jana. Niambie majina."

Mama akaanza kuyataja, moja moja, kwa kusitasita kama mtu anayetoa miiba. Akamtaja mkubwa, akaendelea, akafika kwa Ouma. Hapo akanyamaza.

"Ni saba," mwalimu akasema.

"Iko tu hao, mwalimu."

"Na Awiti? Si ni mwanafunzi wangu, mama? Si ni wa hapa?"

Nilikuwa nikitazama bawaba ya mlango, na mpaka leo naweza kuichora kutu yake.

"Huyo si yangu," mama akasema. "Huyo mimi niliokota tu. Usiandike."

Sijui nieleze vipi. Sikulia. Kilio huja mahali penye nafasi, na mimi ndani yangu hapakuwa na nafasi, namba zilikuwa zimejaa. Nimetupwa, jina langu linasema. Nimeokotwa, mama mwenyewe amesema. Nane ikae nje, mambo yanyooke. Na pale jikoni palikuwa na mfuko wa omena, na bomani bado yupo mama mdogo aliyesema nipe mmoja. Kila kitu kilijumlishika. Nilikuwa hodari wa hesabu, hiyo ndiyo shida.

Mwalimu alipoondoka nilisubiri mama aende kwenye mihogo, kisha nikachomoka. Nilimkuta anavuka uwanda kuelekea boma la jirani. Nikamshika koti, kitu ambacho hakuna mwanafunzi wa wakati ule aliyewahi kukifanya akabaki salama.

"Mwalimu, niandike!"

"Mama yako amesema..."

"Mwalimu, tafadhali. Nililala pale jana. Nimelala pale siku zote. Niandike niwe wa nane."

Alinitazama sana. Akaketi juu ya jiwe, akafungua mkoba juu ya magoti, akatafuta karatasi yetu. Nikaiona kalamu ikiandika jina langu chini ya la Ouma. Wino ulipokauka nikahisi miguu yangu imegusa ardhi kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nikarudi nyumbani nikitembea, sikukimbia.

Mwalimu Mwakio alikuwa mtu mwema, na alitaka kuwa mwaminifu pia. Kesho yake mchana alipita tena bomani, akamwambia mama kwa adabu zote, mbele ya jirani wawili na mama mdogo Akeyo, "Mama, mtoto alikuja mwenyewe. Serikali inataka kila aliyelala nyumbani. Nimemwandika. Kwa hiyo watoto wako ni wanane." Akalisema hivyo, kwa sauti ya darasani: wanane.

Mama alikuwa ameshika sufuria ya maziwa. Hakuiangusha, aliiweka chini taratibu sana. Nilitarajia kelele, nilitarajia fimbo, na nilikuwa tayari kwa vyote maana nilikuwa nimeshaandikwa. Lakini uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na woga. Sikuwahi kumuona mama akiogopa, hata siku nyoka alipoingia ghalani.

Jirani walipoondoka alinishika mkono. Akanivusha ua, akanipeleka nyuma ya zizi, kwenye jaa la majivu kando ya njia. Aliangalia huku na huku. Sasa najua alikuwa akihakikisha hakuna mtu wa kanisani anayepita. "Lala," akasema. Mimi, msichana mzima wa darasa la nne, nikalala kwenye majivu na maganda ya viazi, kuku wakinichungulia. Mama akanigeuzia mgongo, akaondoka bila kugeuka.

Nikasikia hatua za mama mdogo zikija kwa njia, polepole, kama za mtu anayepita tu. Zikasimama.

"Nani ametupa mtoto hapa?" akauliza kwa sauti kubwa.

Nilimwona mama kwa mbali, mabega yake yamesimama.

"Basi mimi nimeokota," mama mdogo akasema, akaninyanyua, akanipangusa majivu kwa kanga yake. Na aliyeokota kitu huenda nacho. Tuliondoka siku hiyo hiyo. Basi hadi Homa Bay, kisha boti hadi Mbita, kisha mtumbwi wa kuvuka kwenda kisiwani, kwa sababu wakati ule ile barabara ya kuvukia haikuwepo. Sikuuliza tumefika wapi hata mara moja. Nilikuwa naijua hesabu yote na jibu lake.

Rusinga nilizunguka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Nilipanda mawe, nikashuka, nikaenda ufukweni, nikarudi. Mama mdogo alinipa kazi ya kugeuza omena zilizoanikwa, nikazigeuza mpaka zikachoka. Siku ya nne au ya tano alinikuta nimeketi juu ya mwamba nikitazama upande wa bara, akakaa kando yangu na kisu chake cha samaki.

"Mwanangu, hutakula?"

"Kwa nini mama hakunitaka?"

Alishtuka, kisu kikasimama. "Nani amekuambia?"

"Yeye. Alimwambia mwalimu mimi ni wa kuokota. Aliwataja wote, mimi akaniacha."

Mama mdogo alinitazama kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua ukiimbwa kinyume. Kisha akanieleza, kwa maneno machache, kitu ambacho kaka na dada zangu wote walikijua na kila mmoja alidhani mwingine ameniambia. Baada ya Ouma walikuwepo wengine wawili. Siku moja mgeni alifika bomani akauliza idadi ya watoto, na mama, aliyekuwa bado mwanamke mwenye majivuno, akawapanga mstari akawahesabu kwa kidole, akiringa. Surua ilipopita mwaka ule iliwachukua wale wawili wa mwisho, katika wiki moja. Nilipozaliwa mimi, mama alinipeleka jaani siku ile ile, akaniweka, akaondoka. Mwanamke mzee akaniokota, akasema huyu ni wangu, na mama akanikomboa kwake kwa kikapu cha mtama. Ili kifo kikiuliza watoto wa mama, kisinikute kwenye orodha.

"Anayetaka kukitupa kitu," mama mdogo akasema, "huanza kwa kukificha? Wewe peke yako ndiye aliyekuficha. Sasa umeenda kujitaja."

Aliinuka akaendelea na samaki wake. Mimi nilibaki juu ya mwamba, na sasa nikalia, maana nafasi ilikuwa imepatikana. Nililia kwa aibu na kwa furaha, vyote viwili, na sikuweza kuvitenganisha. Kama ningebaki nimenyamaza nyuma ya mlango ningekuwa nyumbani nikila ugali. Nilijifukuza mwenyewe kwa kuogopa kufukuzwa.

Machozi yalipokwisha mikono ikataka kazi. Nikachukua mkaa, nikaandika ile namba juu ya mwamba: 12345679. Kuna kitu nilikuwa sijawahi kukijaribu. Nane mara tisa ni sabini na mbili. Nikazidisha kwa mbili, nikazidisha kwa saba, nikajumlisha, nikibeba tarakimu kwa vidole. Zikaanza kutokea kulia, moja baada ya nyingine: nane. Nane. Nane. Zilipofika tisa nilisimama nikapiga kelele hadi mama mdogo akaja na kisu mkononi akidhani ni kiboko ametoka ziwani. Ile namba isiyokuwa na nane ilikuwa imetoa nane tupu, mwamba mzima. 888888888. Ilikuwepo wakati wote. Haikuonekana tu pale ambapo mtu angeitafuta.

Shule zilipokaribia kufunguliwa mama alikuja. Nilimwona kwenye mtumbwi kutoka mbali kwa urefu wake, ameshika kikapu kwenye mapaja. Hakunisalimia. Alinipita pale nilipokuwa kama mtu asiyenijua, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

"Nimesikia umeokota kitu," akasema.

"Nimeokota."

"Unaweza kuniuzia?"

"Kinakula sana," mama mdogo akasema. "Na hakitulii."

"Nitakichukua hivyo hivyo." Akaweka kikapu chini. Kilikuwa kimejaa mtama mpaka ulimwagika kidogo kwenye mchanga. Hapo ndipo alinigeukia. "Nyathina," akaniita, mtoto wangu, na akanishika kichwa kwa mikono yote miwili akakikagua kama mtu anayenunua chungu.

Kutotulia hakukuniacha, kama mlivyosikia. Nadhani kulishaingia kwenye mifupa. Na mama, katika miaka yake yote mirefu, hakuzungumzia siku ile hata mara moja, wala mimi sikumuuliza. Alizeeka, alipata wajukuu, akawa anaulizwa na wauguzi, na makarani, na wachungaji, na kila mara alijibu kwamba wapo wa kutosha kumaliza ugali.

Nilifika nyumbani Ijumaa. Ouma alikuwa ameufungua mlango kwenye bawaba na kuuegemeza kwenye ua, juani. Namba yangu ilikuwepo, imejaa masizi, tarakimu za mtoto mwenye haraka. Nikapitisha kidole: moja, mbili, tatu, hadi saba, kisha tisa. Nikamwambia Ouma anisaidie tuugeuze tuupakie kwenye gari.

Tulipouinua ndipo nilipouona ukingo wa mlango, ule upande wa bawaba, unaotazamana na mwimo. Mlango ukifungwa hauonekani kabisa, na ukifunguliwa ni mtu aliyejificha nyuma yake tu anayeweza kuuona. Chini kidogo ya bawaba ya juu, kwa urefu wa mwanamke mrefu, palikuwa na alama iliyochimbwa kwa ncha ya kisu. Duara dogo juu ya duara kubwa. Mkono ulioichimba haukuzoea kuandika; mistari ilikuwa imepita mara nyingi, kwa nguvu, na duara la chini lilikuwa halikufunga vizuri.

Ouma aliinamisha kichwa. "Hii nayo?" akauliza. "Mbona iko nane huku peke yake?"

Wajukuu walikuwa wamesimama karibu, wanasikiliza.

"Si nane," nikamwambia. "Ni kibuyu."

Alinitazama, akautazama mlango, akaupapasa ule ukingo kwa dole gumba. Yeye pia ni mtoto wa mama. Hakuuliza tena.